Puli Ndogo, Deni Kubwa

Sura ya Saba

Ukiishika kiganjani, puli ya supachaja ya MINI Cooper S haijazi mkono. Ni kipande cha chuma cha mviringo, chenye tundu katikati na mifereji myembamba ya kukalia mkanda. Ukiiweka mezani kando ya ile ya kiwandani, jicho lisilozoea halioni tofauti. Fundi huziweka moja juu ya nyingine, na hapo ndipo ile ndogo inapoonekana imemezwa na kubwa kwa milimita chache kila upande. Mwenye gari analipia milimita hizo chache.

Sura hii nimeiandika kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba puli ndogo ndiyo njia fupi ya kupata nguvu. Hakudanganywa. Katika magari yenye supachaja hakuna kipuri kidogo kama hiki kinachobadilisha mwenendo wa gari kwa kiasi hiki, na kwa kazi ya siku moja tu. Ila puli haitengenezi nguvu. Puli inakopa. Inakopa kwa mkanda, kwa beringi, kwa oili, kwa rejeta na kwa petroli, na kila mmoja wao atakuja kudai chake. Anayeufahamu mkopo huu tangu mwanzo ataendesha gari lake kwa furaha miaka mingi. Asiyeufahamu ataelezwa na fundi, injini ikiwa imefunguliwa mezani.

Pampu ya ndugu wawili

Supachaja, pampu inayoisukumia injini hewa, ilizaliwa kabla ya gari. Mwaka 1860, huko Connersville katika jimbo la Indiana, Marekani, ndugu wawili, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya mashine ya kusukuma hewa. Ndani yake mlikuwa na rota mbili zilizozunguka kwa kukabiliana, zikichota hewa upande mmoja na kuimwaga upande wa pili. Ilipelekwa kwenye tanuru za kuyeyushia chuma na kwenye migodi iliyohitaji hewa safi. Hadi leo aina hiyo ya pampu inaitwa Roots.

Mercedes walionyesha magari yao ya kwanza yenye supachaja kwenye maonyesho ya Berlin mwaka 1921, na neno la Kijerumani Kompressor likaanza safari iliyolifikisha kwenye migongo ya magari yanayopita leo Dar es Salaam na Nairobi. Uingereza nako, dereva Tim Birkin alishawishi magari ya Bentley ya lita 4.5 yafungwe supachaja, ingawa W. O. Bentley mwenyewe hakulipenda wazo hilo hata kidogo. Katika mashindano ya Le Mans ya mwaka 1930, magari ya Birkin yenye supachaja yalikimbia kwa ukali mkubwa na yote yakaharibikia njiani. Ushindi ulichukuliwa na Bentley Speed Six, gari lenye injini kubwa zaidi lisilo na supachaja. Tangu siku zile swali halikuwa kama supachaja inaongeza nguvu. Swali lilikuwa kama gari litafika.

Kubadilisha puli kulikuzwa na Wamarekani wa mashindano ya mbio fupi za mstari mnyoofu. Kampuni ya General Motors ilitengeneza dizeli za malori za familia ya 71, zilizopewa jina hilo kwa sababu kila silinda ilikuwa na inchi 71 za ujazo. Injini hizo za mipigo miwili haziwezi kupumua bila kupuliziwa, hivyo kila moja ilikuja na pampu ya Roots. Vijana wakazivua pampu hizo kwenye malori chakavu, wakazifunga juu ya injini za petroli, na wakagundua kwamba mtu akibadilisha puli, ya juu au ya chini, pampu ileile huleta hewa nyingi au kidogo kama apendavyo. Ukisikia mtu wa mbio akitaja 6-71, anataja pampu iliyotoka kwenye lori la silinda sita.

Hesabu inayotoshea nyuma ya bahasha

Tuchukue gari moja tulisome hadi mwisho: MINI Cooper S ya kizazi cha kwanza chini ya BMW, ambayo wapenzi wake huiita R53. Ilikuwa ikiundwa Oxford, na uundaji wake ulikoma mwaka 2006. Injini yake ya lita 1.6 ilitoka Campo Largo, Brazili, kwenye kiwanda cha ubia kati ya BMW na Chrysler. Supachaja ni ya Eaton, modeli M45. Ilianza na nguvu farasi 163, na kuanzia mwaka 2004 ikapandishwa hadi 170.

Namba 45 maana yake ni inchi 45 za ujazo. Rota zikizunguka mara moja, zinahamisha hewa ya takriban lita 0.74. Ndani yake mna rota mbili zenye mbawa tatu tatu zilizosokotwa, zinazopishana bila kugusana, zikiwa zimeachana kwa nafasi ndogo kuliko milimita moja.

Sasa tazama injini inahitaji kiasi gani. Injini ya lita 1.6 yenye mipigo minne hujaza silinda zake zote katika mizunguko miwili ya krenki, kwa hiyo kila mzunguko inameza lita 0.8. Tuseme puli ya krenki ina kipenyo mara mbili ya ile ya supachaja. Krenki ikizunguka mara moja, supachaja imezunguka mara mbili na imeleta lita 1.47. Nyumba ina nafasi ya lita 0.8 na wageni waliofika ni lita 1.47. Hewa haina pa kwenda, inabanana. Kubanana huko ndiko shinikizo. Pampu ya Roots yenyewe haikandamizi kitu. Inabeba hewa tu na kuitua mahali palipokwisha kujaa.

Puli inayouzwa sana kwa gari hili ni ile iliyopunguzwa kwa asilimia 15. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanadhani puli ikipungua asilimia 15, kasi inaongezeka asilimia 15. Sivyo. Gawanya 100 kwa 85 upate 1.176, yaani kasi imepanda karibu asilimia 18. Puli ya asilimia 19 hupandisha kasi kwa zaidi ya asilimia 23. Kadiri unavyozidi kuipunguza, ndivyo kila milimita inavyozidi kuwa nzito.

Kwa uwiano wetu wa mara mbili, krenki ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika, rota zinazunguka mara 14,000. Weka puli ya asilimia 15, na rota hizohizo, ndani ya kasha lilelile, kwenye beringi zilezile, zinazunguka karibu mara 16,500. Mtengenezaji wa supachaja huweka kikomo cha kasi ya rota. Kabla ya kununua puli yoyote, kwa gari lolote, kitafute kikomo hicho, kisha fanya hesabu hii nyuma ya bahasha. Ni dakika mbili tu.

Joto ndilo mwizi

Hewa ikibanwa hupata joto. Kila aliyewahi kupampu baiskeli anajua, kwa sababu ameshika pampu yake ikiwa ya moto. Kwa supachaja ya Roots joto hili ni kali zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi inayofanywa kuizungusha huishia kuipasha hewa bila faida.

Tufanye hesabu ya karatasi. Hewa ya nje ina nyuzi 30, na supachaja ina ufanisi wa asilimia 55, kiwango cha kawaida kwa pampu za aina hii. Tukiipandisha hewa kutoka shinikizo la bar 1 hadi 1.8, itatoka ikiwa na nyuzi 131 hivi. Tukiweka puli ndogo na kuifikisha bar 2, itatoka na nyuzi 151. Pampu inapozungushwa kasi kuliko ilivyopendelea, ufanisi wake hushuka. Ukishuka hadi asilimia 50, hewa inatoka na nyuzi 163.

Sasa ulizo lenye maana: injini imepata hewa zaidi kiasi gani? Shinikizo kamili kwenye geji limepanda kwa asilimia 11, na mwenye gari anatabasamu. Lakini hewa ya moto imetanuka. Ukiipima kwa uzito, kabla haijapozwa, imeongezeka asilimia 6 tu, na kama ufanisi umeshuka, asilimia 3. Kilichobaki kwenye geji ni joto. Geji haitofautishi hewa na joto. Injini inatofautisha.

Ndiyo maana kipozahewa, ambacho mafundi wengi hukiita intakula, ni mwenzi wa puli na hakipaswi kufikiriwa baadaye. Kwenye R53 kimelala juu ya injini, chini ya lile tundu la kwenye boneti, kikingoja upepo. Gari likikaa foleni upepo haupo, na joto la injini linapanda kutoka chini na kukikaanga. Ukiligusa kasha lake baada ya nusu saa ya foleni ya mchana, mkono haukai. Dereva anayekanyaga mafuta dakika hiyo hapati nguvu alizozilipia. Mwenye busara huanza na kipozahewa kikubwa na mifereji mizuri ya kukiletea upepo, kisha puli. Aliyetangulia kuweka puli atalazimika kurudi kwenye kipozahewa.

Joto lina hatari nyingine kubwa kuliko kupungua kwa nguvu. Hewa ya moto yenye shinikizo kubwa hufanya petroli ilipuke ovyo, si kwa mpangilio wa cheche ya plagi. Mafundi husema injini inagonga. Ni sauti kama ya kokoto zikitikiswa ndani ya kopo, na kila pigo moja ni nyundo juu ya kichwa cha pistoni. R53 ina sensa inayosikiliza pigo hilo, na kompyuta ikilisikia inachelewesha cheche ili kuokoa injini. Hapo ndipo utakuta gari lenye puli mpya likiwa zito siku ya joto kuliko lilivyokuwa kabla ya kuguswa. Kompyuta imekataa mkopo kwa niaba ya mwenye gari.

Wanaodai

Supachaja haizungushwi bure. Inaikamua krenki. Kwa hesabu ileile ya karatasi, bila kuhesabu msuguano, kuizungusha M45 mara 14,000 kwa dakika dhidi ya shinikizo la ziada la bar 0.8 kunakula karibu nguvu farasi 19. Ukiipandisha hadi mizunguko 16,500 na shinikizo la ziada la bar 1, inakula 27. Kasi imepanda asilimia 18, lakini gharama imepanda karibu nusu. Mzigo wote huo unapita kwenye mkanda mmoja wa mpira.

Mkanda ndio mdai wa kwanza kupiga hodi. Puli ikiwa ndogo, sehemu ya mkanda inayoikumbatia hupungua, na wakati huohuo inatakiwa kuvuta zaidi. Mkanda ukichoka unateleza. Dalili zake ni mlio wa kukwaruza unapokanyaga mafuta ghafla, na unga mweusi wa mpira unaotanda karibu na puli. Kwa hiyo puli ndogo huambatana na mkanda mpya, mara nyingi mfupi kidogo kuliko wa awali, na kikaza mkanda chenye springi nzima. Kufunga puli mpya kwa mkanda wa zamani ni kushona kiraka kipya kwa uzi uliooza.

Mdai wa pili ni puli ya krenki yenyewe. Kwenye R53 si chuma kitupu. Ina pete ya mpira katikati ya vyuma viwili, ya kumeza mitikisiko ya krenki. Miaka ikipita mpira huo hupasuka, na pete ya nje huanza kuyumba. Ukisimama kando ya injini inayonguruma na kuangalia puli hiyo ikicheza kushoto na kulia, usiende kununua puli ya supachaja. Nunua hiyo kwanza.

Wapo wanaoiacha puli ya supachaja na kufunga puli kubwa zaidi ya krenki. Matokeo kwa supachaja ni yaleyale, ila mkanda huohuo unazungusha pia altaneta na kompresa ya eyakondishna, nazo zitakimbizwa pamoja na supachaja bila kuulizwa.

Mdai wa tatu ndiye anayesahaulika kuliko wote, na ndiye anayeniuma zaidi kwa sababu deni lake ni dogo na adhabu yake ni kubwa. Kwenye R53 pampu ya maji haizungushwi na mkanda. Inazungushwa na supachaja, kupitia gia ndogo zilizo nyuma yake, ndani ya kasha lenye oili yake. Mbele ya supachaja kuna kasha jingine la gia, nalo lina oili yake. Oili hizo hazichanganyiki na oili ya injini, na fundi anayebadilisha oili ya injini kila miezi sita anaweza asijue kabisa kwamba zipo.

Fungua kizibo cha kasha la nyuma kwenye gari lililotembea kilomita laki moja. Jambo la kwanza kukufikia ni harufu: nzito, chungu, ya kitu kilichooza, inayoganda puani na kwenye nguo. Jambo la pili ni uchache. Mahali ambapo oili safi ingemwagika, hudondoka vijiko viwili vya uji mweusi, na mara nyingine havidondoki hata hivyo. Gia zimekuwa zikisagana zikiwa kavu. Meno yake yakiisha, pampu ya maji inasimama, na injini inachemka ilhali rejeta imejaa maji na mkanda unazunguka vizuri. Puli ndogo inazikimbiza gia hizo kwa asilimia 18 zaidi. Kama zilikuwa na mwaka mmoja wa kuishi, hesabu mwenyewe.

Siku ya kazi

Kazi yenyewe ina staha yake. Gari linainuliwa upande wa kulia, gurudumu la mbele linatolewa, na plastiki ya ndani ya tairi inavuliwa. Jeki inawekwa chini ya injini, na ubao katikati ili sampo isipondeke, kwa sababu itabidi boliti ya kishikilio cha injini ifunguliwe na injini ishushwe kidogo. Nafasi hapo ni finyu. Kikaza mkanda kinabanwa nyuma, mkanda unatolewa, na puli ya zamani inaonekana, imekaa kwenye shafti yake kwa kubanwa tu.

Sasa fundi mwema na fundi wa haraka wanaachana njia. Wa haraka anatafuta nyundo na patasi. Wa kweli anatoa pula, yaani kifaa cha kuvutia, iliyotengenezwa mahususi kwa puli hiyo, anaifunga ikaikumbatia pande zote, kisha anakaza boliti ya katikati polepole. Kuna ukimya wa muda, halafu mlio mkali kama wa tawi kavu likivunjika, na puli inaanza kusogea.

Nyundo haina nafasi hapa, wala wakati wa kuitoa puli ya zamani wala wakati wa kuweka mpya. Kumbuka zile rota zinazopishana bila kugusana. Shafti ya puli imekalia beringi, na nyuma ya beringi kuna gia zinazozilinda rota zisigongane. Pigo moja la nyundo linasafiri moja kwa moja hadi huko. Gari litawaka siku hiyo, litakwenda vizuri wiki hiyo, kisha itaanza sauti ya kusaga ambayo hakuna atakayeihusisha na nyundo ya mwezi uliopita. Puli mpya hukazwa kwa kifaa cha kuivuta ndani, au hupashwa joto ikatanuka na kuteleza mahali pake, kulingana na maagizo ya aliyeitengeneza.

Kabla ya kurudisha mkanda, zungusha puli kwa vidole. Inatakiwa izunguke kwa ulaini, bila kukwama na bila mchezo wa mbele na nyuma. Huu ni uchunguzi wa sekunde kumi ambao hutaupata tena bila kufungua gari upya. Kisha weka plagi za daraja moja la ubaridi zaidi, na usiondoke na gari kabla halijapimwa.

Kupimwa maana yake ni hivi. Petroli huungua kikamilifu kwa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Lakini injini yenye supachaja, ikikanyagwa hadi mwisho, huhitaji petroli zaidi ya hapo ili ipoe, karibu sehemu 12 za hewa kwa moja. Ukiongeza hewa bila kuongeza petroli, mchanganyiko unakuwa haba, joto la silinda linapanda, na pistoni inatoboka. Kwa hiyo gari liwekwe kwenye dainamomita, lipimwe hewa na petroli hadi mzunguko wa mwisho, na programu ya kompyuta irekebishwe na mtu anayesoma anachokiona. Puli bila kipimo ni bahati nasibu.

Nairobi na Mombasa

Kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka, na ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kulijua. Ni mwinuko.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko Mombasa. Supachaja haijui iko wapi. Inazidisha hewa iliyoikuta kwa uwiano uleule. Kama uwiano ni 1.8, Mombasa injini inapata bar 1.8, lakini Nairobi inapata karibu 1.5. Mwenye gari wa Nairobi anahisi gari lake ni zito, anaweka puli ndogo, uwiano unapanda hadi 2, na sasa anapata karibu bar 1.65. Bado hajafikia hata kile ambacho kiwanda kilikusudia pwani. Anaona mambo ni salama, anarekebisha kompyuta hapohapo Nairobi, na kweli ni salama.

Kisha inakuja likizo ya Desemba. Anashuka Mtito Andei, anapita Voi, anaingia Mombasa. Puli ni ileile, lakini sasa hewa ni nzito na ya moto, na shinikizo limefika bar 2 kamili. Injini iliyorekebishwa kwa ajili ya hewa nyembamba inakutana na hewa nene, kwenye joto, gari likiwa na watu wanne na mizigo. Kama kuna mahali pa kugonga, ni hapo. Anayerekebisha gari la supachaja milimani alirekebishe akiifikiria pwani.

Haya hayawahusu wenye MINI peke yao. Barabara zetu zimejaa Mercedes-Benz zenye neno Kompressor, nyingi zikiwa C180 na C200 zenye injini ya lita 1.8 ya familia ya M271. Kwenye C-Class ya W203 injini hiyo ilitolewa ikiwa na nguvu farasi 143, au 163, au 192, kulingana na jina lililobandikwa nyuma. Mwenye C180 akisikia hivyo hujiuliza kama puli peke yake itampa C200. Namwomba asikilize kwanza mnyororo wa injini yake, kwa sababu mnyororo wa M271 unajulikana kwa kurefuka. Injini inayokwaruza inapowashwa asubuhi haiombi puli. Inaomba mnyororo.

Kiwanda kilifanyaje

Wanaotaka kujua njia sahihi hawana haja ya kubuni. MINI wenyewe waliuza toleo la John Cooper Works la R53, lenye nguvu farasi 200 na baadaye 210. Ndani yake mlikuwa na puli ndogo, iliyopunguzwa kwa asilimia 11 hivi. Wahandisi wenye maabara, wenye magari ya kuharibu na wenye dhamana ya kulipa, walichagua asilimia 11, wala si 19. Na hawakuiacha puli peke yake. Waliipa kichwa cha silinda kilichofanyiwa kazi ili hewa ipite kwa wepesi, ekzosi iliyofunguka zaidi, na programu mpya ya kompyuta. Hewa ikipita kwa wepesi, injini inapata nguvu bila kubanana kupita kiasi, na supachaja inafanya kazi ndogo kwa matunda makubwa.

Marekani kuna mfano wa upande wa pili. Ford walipotoa Mustang SVT Cobra ya mwaka 2003, yenye injini ya lita 4.6, supachaja ya Eaton M112 na nguvu farasi 390, waliipa bloku ya chuma cha kalibu na pistoni zilizofuliwa. Gari hilo likawa kipenzi cha wabadilisha puli, na wengi walifanikiwa. Sifa wakaipa puli. Sifa zilistahili kwenda kwa pistoni, kwa sababu deni lilikuwa limekwisha kulipiwa kiwandani.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na gari la supachaja linakupa nafasi ya kulipa kabla hujakopa. Utaratibu wangu ni huu, nami nausimamia kwa gari lolote la aina hii. Kwanza afya: mgandamizo wa silinda, mnyororo, puli ya krenki, rejeta, oili zote mbili za supachaja. Pili baridi: kipozahewa na njia ya upepo wake. Tatu pumzi: chujio la hewa na ekzosi. Nne ndiyo puli, na iwe ya kiasi, pamoja na mkanda wake, plagi zake na kipimo chake. Ukifuata mpangilio huu utagundua kwamba ulipofika hatua ya nne gari lako lilikuwa limekwisha kubadilika, na puli ndogo kidogo imetosha.

Na kama fedha inatosha jambo moja tu mwezi huu, iache puli dukani. Nunua chupa ya oili ya supachaja, tafuta fundi mwenye subira, mwambie afungue kizibo cha nyuma, na uwepo mwenyewe uone kinachotoka.